Kura ya Karavani ya Mama Mkwe

Jumapili, 2 Novemba

Mama mkwe ametangaza leo, kahawa ikiwa bado ya moto. Anaiachia karavani, kile kinyumba cha magurudumu! Miaka thelathini na mmoja imeegeshwa kule Zeeland, nyuma ya matuta ya mchanga. Vitanda vinne, jiko la gesi, mapazia ya kijani, bahari hatua mia mbili. Goti lake halikipandi tena kile kingazi cha mlangoni. Atamwachia mmoja wa mabinti zake kabla ya mwaka kwisha. Mmoja tu. Wenye uwanja wa karavani wanaandikisha jina moja, hawataki habari za ushirika.

Mabinti ni wawili. Mmoja ni Liesbeth, mke wangu. Wa pili ni Marijke, aliyeolewa na Gijsbert, mwanyumba wangu, muuza majiko mwenye meno mengi kuliko mtu wa kawaida. Gijsbert aliposikia akaweka kikombe chini, akamuuliza mama mkwe goti linaendeleaje. Goti! Miaka kumi na tisa hajawahi kuliulizia. Mimi nikamuulizia yote mawili.

Tukiwa kwenye baiskeli kurudi nyumbani Liesbeth akanionya nisianze. Nikamwambia sijaanza chochote. Akasema sura hiyo anaijua, ndiyo niliyokuwa nayo mwaka ule wa banda la kuku.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nina miaka hamsini na miwili. Kazi yangu ni kupanga mafaili ya mifereji ya maji ya wilaya. Mahali pekee duniani ninapolala mpaka asubuhi bila kuota mafaili ni kile kitanda cha dirishani ndani ya karavani ile. Lazima niipate.

Jumanne, 4 Novemba

Kozi ya kompyuta maktabani. Nilijiandikisha Septemba kwa sababu kahawa ni ya bure. Mwalimu ni Bi Roelfsema, mwalimu wa hesabu aliyestaafu na bado hajakubali kwamba amestaafu.

Somo la leo: kuifundisha kompyuta kufumbua mafumbo, kwa ile lugha ya Python. Alianza na malkia wanane juu ya ubao wa sataranji, asiwepo wa kumshambulia mwenzake. Njia yenyewe rahisi. Weka malkia. Kagua. Endelea na wa pili. Ukikwama, rudi hatua moja, futa ulichoweka, jaribu pengine. Kompyuta haina aibu ya kurudi nyuma, akasema, ndiyo maana inashinda. Halafu akagonga meza kwa kidole. Na kufuta! Watu wanakumbuka kurudi, wanasahau kufuta! Alisema mara tatu, zote akinitazama mimi. Nilikuwa nachora karavani.

Kisha akatuambia kwamba njia hiyohiyo inamaliza fumbo lolote la namba la gazetini. Kalamu ikanidondoka. Mama mkwe anaabudu mafumbo. Ana vijitabu vya mafumbo jikoni, sebuleni, chini ya mto. Mkwe anayefumbua mafumbo kama anameza maji atapewa nini? Naachia hapo.

Jumamosi, 8 Novemba

Programu imekamilika. Nimeinakili kutoka kwenye karatasi ya Bi Roelfsema, sehemu kubwa. Nimeilisha fumbo kubwa la gazeti la leo. Sikuwahi hata kukaa vizuri kwenye kiti, jibu likawa mbele yangu!

Kutwa nzima nimekariri namba themanini na moja. Liesbeth alinikuta bafuni nikizitaja kwa sauti. Nikamwambia nasali. Akasimama mlangoni muda mrefu sana, kwa maana hatujasali tangu harusi.

Jumapili, 9 Novemba

Kahawa kwa mama mkwe. Biskuti moja kila mtu, kisha kopo likafungwa kama kawaida. Walikuwepo wote: Gijsbert na Marijke, na mjomba Tiemen, mdogo wake mama mkwe, pamoja na mkewe Hennie, ambao wanakaa nyumba ya pili.

Nikaliokota gazeti la jana kwa uvivu, nikasema hebu nipoteze muda kidogo. Dakika mbili na nusu, fumbo lote limejaa. Gijsbert kinywa wazi. Meno yote yale!

Mama mkwe akavaa miwani. Akalitazama fumbo, akanitazama mimi. Akasema safi sana. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, mbona nimelijaza kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kushoto kwenda kulia, bila kuruka hata kisanduku. Binadamu anaanza penye upenyo, akasema. Hivi nilivyojaza mimi ndivyo mtu anavyojaza fomu ya posta. Nikamjibu ni kipaji. Akaenda jikoni, akarudi na kijitabu chake na penseli. Akanifungulia ukurasa mpya. "Haya, kipaji. Tuone."

Nikasingizia tumbo. Nilikaa chooni dakika ishirini na tano nikisoma kalenda ya siku za kuzaliwa iliyo ukutani. Siku ya Gijsbert imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko yangu. Nimezipima kwa dole gumba.

Wakati wa kuondoka mjomba Tiemen alinivuta kando akaninong'oneza nisijali, dada yake naye si msafi. Miaka arobaini anachungulia majibu kurasa za nyuma. Ukoo mzima unajua. Yeye mwenyewe ndiye hajui kwamba wanajua. Mimi sikuamini. Mama mkwe? Mwenye penseli iliyochongwa namna ile?

Jumatano, 12 Novemba

Nimepata njia! Kura ya Sinterklaas, yule mtakatifu anayepita juu ya mapaa akigawa zawadi!

Kila mwaka ni sisi saba haohao. Kila mmoja anachota jina la mwenzake, anamtengenezea kitu cha ajabu kwa karatasi na gundi, anaficha zawadi ndani yake, na anamtungia shairi la kumchokoza. Chini anatia sahihi ya Mtakatifu Sinterklaas, na jioni ya tarehe tano Desemba mashairi yanasomwa mbele ya wote. Nani kampata nani, siri. Majina yanachotwa kwenye kofia ya mjomba Tiemen. Na kila mwaka kuna anayejichota mwenyewe, au mume anamchota mkewe, au mtu anarudiwa na jina la mwaka jana. Tunarudisha yote tunaanza upya, mara nne, mara tano, Hennie akihema kama anapandishwa mlima.

Sasa hili si fumbo? Watu saba, majina saba, masharti. Fumbo kamili! Nikampigia mama mkwe kwamba mwaka huu mwacheni Berend, yaani mimi, aichezeshe kura kwa programu, kila mtu atapelekewa jina lake kwa barua pepe. Akasema sawa. Akasema anaipenda kura kwa sababu kura haina mtoto wala mkwe inayempendelea. Akairudia kauli hiyo. Sikuelewa kwa nini, nikaitikia tu.

Maana mpango wangu ni mmoja: kura itanipendelea mimi. Itanipa jina la mama mkwe. Nitamtengenezea kitu, na nitamtungia shairi, ambavyo vitaileta karavani mpaka mlangoni kwangu ikijisukuma yenyewe.

Liesbeth ameninusa. Ameniapisha, mkono juu ya meza, kwamba sitatazama nani kampata nani. Nimeapa. Hakuniuliza kuhusu jina langu mwenyewe.

Jumamosi, 15 Novemba

Simu tangu asubuhi. Kila mtu ana sharti lake. Hennie hataki kumpata Gijsbert, mwaka juzi Gijsbert alimtungia yeye shairi kuhusu nyonga zake. Gijsbert hataki mjomba Tiemen, eti hana la kumchokoza, mtu mzima anapenda kwenda posta na supu ya njegere tu. Marijke hamtaki dada yake. Sikuuliza.

Nimepanga majina. Mama mkwe, yaani Aaltje, wa kwanza, kwa heshima. Mimi wa pili, kwa heshima pia. Kisha wengine. Nikaandika masharti. Nikaongeza mstari wangu mdogo: Berend lazima ampate Aaltje. Nikaiendesha.

Hakuna jibu.

Nikaiendesha tena, nikibonyeza kwa nguvu zaidi. Hakuna jibu. Nikalitoa sharti la Hennie. Hakuna jibu. Nikayatoa ya wote, nikaacha masharti ya kila mwaka tu, watajijua. Hakuna jibu! Nikaiamuru ionyeshe kila hatua, ndipo nikaona upuuzi wake. Inaweka jina, inalitia alama kwamba limechukuliwa, inakwama, inarudi nyuma, lakini alama inabaki palepale. Mwishowe majina yote yamechukuliwa na hakuna aliyeyachukua. Kama viti vilivyowekewa makoti na wenye makoti hawaonekani.

Labda pana mstari nilipaswa kuuandika hapo. Kwenye karatasi ya Bi Roelfsema, mahali hapo hasa, nilimwaga kahawa. Lakini kwa nini niongeze mstari wakati naweza kupunguza? Alama ndiyo inayoleta tabu. Nikaufuta mstari wa kutia alama.

Jibu limepatikana! Papo hapo!

Nimetazama mstari wangu tu. Berend, Aaltje. Nikafunga macho, naapa, nikabonyeza kutuma. Barua pepe zimekwenda kwa wote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeweza kuchungulia na sikuchungulia. Najisikia mtakatifu.

Jumanne, 18 Novemba

Nimemsimulia Bi Roelfsema kuhusu programu yangu ya kura. Akataka kuiona. Nikasema nimeiacha nyumbani. Akaniuliza kama nimeijaribu. Nikamwambia imetoa jibu. Akasema kutoa jibu ni jambo moja, kutoa jibu sahihi ni jambo la pili. Wivu! Kahawa ya leo ilikuwa nyepesi.

Jumapili, 23 Novemba

Mama mkwe amebadilika. Leo kopo la biskuti limepita mara mbili, na mara ya pili lilisimama mbele yangu. Akaniuliza kama najua kubadilisha mtungi wa gesi. Nikasema kama kupepesa jicho. Akaniuliza kama mvua inanisumbua ikigonga bati. Nikamwambia mvua juu ya bati ndiyo muziki wangu. Akatikisa kichwa polepole, akatabasamu.

Fumbo la gazeti lilimwingia, hata kama hakuonyesha. Gijsbert alipokuwa akimsifia viatu, hakumsikia.

Wengine nao wana shughuli zao. Liesbeth anajifungia kwenye kibanda cha baiskeli na gundi. Gijsbert nimemfumania dukani akinusa krimu ya mikono ya wanawake watu wazima, akaificha nyuma ya mgongo. Mjomba Tiemen kanipigia kuniuliza neno gani lina kina kimoja na "majibu". Nikampa neno "aibu". Akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 2 Desemba

Kozi sikwenda. Nimemaliza kazi yangu. Nimejenga karavani kwa magazeti na gundi ya unga, mapazia ya kijani, na juu ya paa taji la dhahabu. Ndani kuna skafu ya sufu. Ncha moja ya taji imepinda lakini kwa mbali haionekani.

Shairi nimelihangaikia siku nane. Wengine wote watachokoza, ndiyo desturi. Mimi nitasifu. Nani asiyependa kusifiwa? Na nitamsifu palepale anapotaka kusifiwa, kwenye mafumbo. Beti sita. Mwisho unasema hivi:

Mama yetu ni mkweli, mafumbo huyakabili,
kwa akili na penseli, nyuma hatazami, kweli!

Nimelisoma mbele ya kioo. Machozi yalinilengalenga.

Jumamosi, 6 Desemba

Nianze mwanzo.

Jana saa kumi na mbili jioni, sebuleni kwa mama mkwe. Bakuli la vile vibiskuti vidogo vya viungo, kila mtu herufi ya jina lake ya chokoleti, gunia katikati ya zulia. Nilikuwa nimevaa tai. Nilileta na programu yangu, imechapwa vizuri, kurasa mbili, ili mtu akiulizia nisihangaike. Hennie akachukua kazi ya kutoa vifurushi.

Cha kwanza: cha mama mkwe. Kitabu kikubwa cha mafumbo cha maboksi, kurasa za nyuma zimebandikwa kwa gundi zisifunguke. Shairi likasema Mtakatifu ameona mengi kutoka juu ya mapaa, hasa bibi mmoja anayeanza kusoma vitabu mwishoni. Kicheko! Mama mkwe naye akacheka, akamtazama Liesbeth.

Mama mkwe si ni wangu? Nikajiambia labda Liesbeth kaongeza kimoja kwa mapenzi.

Cha pili: cha mama mkwe. Darubini ya mabomba ya karatasi ya chooni, ya kutazamia nyuma bila kugeuza shingo. Hilo lilikuwa shairi la Gijsbert, analinganisha vina kwa nguvu kama anakaza skrubu. Watu wakacheka, lakini sasa wakitazamana. Mama mkwe alicheka kwa mdomo tu.

Cha tatu: cha mama mkwe. Kutoka kwa mjomba Tiemen, tena lile neno nililompa mimi, majibu na aibu, mara nne ndani ya shairi moja. Cha nne: cha mama mkwe, macho mawili ya plastiki ya kuvaa kisogoni. Hennie alikisoma mwenyewe, kazi yake mwenyewe, na sauti ikawa inapungua kila ubeti. Masikio ya mama mkwe yalikuwa mekundu. Hakuna aliyekuwa anakula.

Hennie akaingiza mkono tena. Ikatoka karavani yangu, taji limelala upande. Nikamwomba Mungu ambaye nilimdanganya Liesbeth kwamba namwomba. Hennie akasoma. Ubeti wa kwanza, wa pili, kimya. Alipofika kwenye mkweli, mjomba Tiemen akafunika uso. Alipofika kwenye nyuma hatazami, kweli, Gijsbert alitoa sauti kama ya puto linaloachia hewa.

Mimi nilimsifu! Kwa moyo wangu wote! Lakini baada ya vijembe vinne shairi langu likasikika ndilo lenye kisu kirefu kuliko yote. Mama mkwe akasema, bila kupandisha sauti, kwamba wale wengine angalau walitania. Huyu aliyeandika hili amekusudia.

Kisha Hennie akatoa cha sita. Kilikuwa changu, Marijke kanitengenezea kompyuta ya maboksi inayotoa ulimi. Sikumbuki shairi lilisema nini. Na cha saba. Changu tena! Buti la karatasi na gundi, limejaa mchanga. Mchanga wa kweli, wa baharini. Hakikuwa na shairi, palikuwa na mistari miwili kwa mwandiko wa mama mkwe, kwamba Mtakatifu hawezi kuchagua kati ya mabinti wawili, kwa hiyo ameiachia kura, na nyumba ya mtu ambaye kura imempa ndiyo ichimbe mchanga huu.

Nikachimba. Vidole vikagusa chuma. Ufunguo.

Ufunguo wa karavani! Nilikuwa nao mkononi, wenye kile kiboya chekundu. Liesbeth alishika mkono wangu. Nilikiona kitanda cha dirishani, nilisikia mvua juu ya bati. Nilifurahi namna ambayo sijafurahi tangu nizaliwe, naandika hivi bila aibu.

Ndipo Hennie akalipindua gunia na kulikung'uta. Tupu. Akauliza yake iko wapi.

Marijke naye akauliza. Mjomba Tiemen akainuka akatazama nyuma ya kochi. Watu watano hawakuwa na kitu. Mama mkwe vitano, mimi viwili. Wote wakanigeukia pamoja. Gijsbert akasema taratibu, akinionyesha meno yote, "Mwanyumba, wewe si ndiye uliyechezesha kura?"

Nikasema ni kompyuta. Nikasema ni mtandao. Nikasema ni barua pepe, wakati mwingine zinachanganyika njiani. Mama mkwe akanyoosha mkono akazitaka zile karatasi zangu. Sikuweza kukataa, zilikuwa zinachungulia mfukoni mwa koti. Akavaa miwani, akachukua penseli, akashuka nayo mstari kwa mstari.

Hapa inaweka, akasema. Hapa inakagua. Hapa inakwama, inarudi. "Inafuta wapi, mwanangu?"

Akaendelea kushuka. Hapa hakuna hata kinachokumbuka jina gani limekwisha kuchukuliwa, kila mtu anapewa la kwanza analoruhusiwa. Na la kwanza ni Aaltje. Na asiyeruhusiwa Aaltje anapewa Berend. Na Marijke, akasema, alinipata mimi mwaka jana, na mimi siwezi kujipata mwenyewe, kwa hiyo sisi wawili tumekupata wewe. Kisha penseli ikasimama. Na huu mstari, Berend lazima ampate Aaltje, huu umeandikwa na nani?

Akavua miwani. "Mimi mchunguliaji wa majibu, nimeliona kosa. Wewe mwenyewe hukuliona?"

Nilitaka kuwaambia kwamba sikuchungulia! Kwamba ningechungulia hata kidogo siku ile, ningeona Aaltje, Aaltje, Aaltje, na yote haya yasingetokea! Uaminifu ndio ulioniponza! Lakini Liesbeth alikuwa ameachia mkono wangu.

Mama mkwe akasema kura hii si kura. Akaitaka kofia ya mjomba Tiemen. Vikaratasi viwili tu. Akafumba macho, akachota, akafungua. Marijke.

Nikaurudisha ufunguo, mchanga ungali kwenye kiganja. Gijsbert akanipiga begani na kuniambia pole, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kufurahi hivi tangu auze jiko lake la kwanza. Nilitamani kulia, nikala herufi yangu ya chokoleti yote, B nzima, nikiwa nimesimama.

Liesbeth aliendesha mbele yangu mpaka darajani. Hapo akasimamisha baiskeli. Nikadhani ndiyo mwisho wa ndoa. Akasema, "Macho kisogoni," akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kushuka na kushika ukingo wa daraja. Baadaye akafuta machozi, akaniambia kwamba yeye pia aliipenda ile karavani sana. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Jumapili, 14 Desemba

Mama mkwe bado hanisemeshi. Siku tisa. Kahawa napewa, biskuti nanyimwa, kopo linaruka mahali pangu kama nimekaa hewani. Bi Roelfsema nimemkwepa kabisa.

Lakini leo mambo yamegeuka! Gijsbert, kwa huruma za mshindi, amesema kiangazi karavani ni ya ukoo wote. Kila nyumba ichague wiki. Nyumba nne: yeye na Marijke, sisi, mjomba Tiemen na Hennie, na mama mkwe mwenyewe, ambaye anataka kukaa nje kwenye kiti na kutazama watu hata kama goti halipandi. Anahitajika mtu wa kupanga ratiba. Gijsbert hana nafasi, Desemba watu wote wanataka majiko. Nikajitolea kabla hajafunga mdomo. Akasema sawa, ratiba ya wiki nani atashindwa kuipanga.

Liesbeth hajui. Nitampa kama zawadi.

Inajulikana kwamba wiki inayogombewa ni moja tu, wiki ya 31 ya mwaka, mwishoni mwa Julai. Shule zimefungwa, bahari imeshapata joto, na Jumamosi yake kuna fataki ufukweni. Nyingine zote ni upepo na mbu. Kwa hiyo wiki ya 31 nimeiweka ya kwanza kwenye orodha, halafu zikafuata nyingine, na jina langu la kwanza kabla ya wenzangu, ili niifikie mapema. Safari hii sikuandika mstari wa kujipendelea. Nimekoma. Mpangilio tu.

Programu ni ileile. Sikuigusa. Niliifikiria sana wiki hii na nimegundua kwamba haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la kuitumia kwa watu, watu wana mambo mengi. Wiki hazina mambo. Nikaiendesha. Jibu papo hapo, haikukwama hata mara moja! Mimi, wiki ya 31. Ya wenzangu sikutazama, ni siri zao, nikatuma.

Majibu yameingia kabla hata sijamaliza chai. Gijsbert anasema mwanyumba, umenishangaza, hiyo ndiyo wiki hasa aliyoitaka, na ameshawaalika wateja wake wawili na wake zao kutazama fataki. Hennie anaandika kwamba Tiemen anaimba jikoni, hawakutegemea kabisa kwamba wao ndio wangepewa ile nzuri. Kila mtu karidhika! Sijawahi kuuona ukoo huu ukikubaliana namna hii. Na sasa hivi, wa mwisho, mama mkwe. Maneno matatu tu, lakini nimeyasoma mara kumi na natamani kuyatundika ukutani: "Naona umejifunza, mwanangu."